Daktari Livingstone na Habari za Uongo za Maiti Yake

Mwezi huu tumependa kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa waalimu na wainjilisti wa vijijini, maisha ya Daktari David Livingstone. Jina lake wengi wamelisikia shuleni. Walakini liko jambo moja katika habari zake lisilosimuliwa mara nyingi, nalo ni hili: mtu huyu alizikwa kwa maneno zaidi ya miaka 6 kabla hajafa, na alipokufa kweli, maiti yake ilipitishwa njiani kwa hila, hata ilipofika kwao wako waliouliza kama ndiye yeye. Sisi tukaao Mlali, jirani na Mpwapwa, tunaishi karibu na njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Katika njia hiyo zilipita pembe na nguo, na pamoja nazo zilipita habari, za kweli na za uongo. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi habari ya mtu mmoja ilivyopotoshwa, na jinsi ilivyonyoshwa tena.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskochi. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipotimiza miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Alifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, na kitabu chake akakiweka juu ya mtambo, akisoma mstari mmoja mmoja kila alipopita. Kwa njia hiyo alijifunza, hata akaweza kuingia chuo cha uganga katika mji wa Glasgow. Mwaka 1840 alipata cheti cha udaktari, akabarikiwa kuwa mmisionari, na mwaka uliofuata akafika Afrika ya Kusini.

Mwaka 1844, alipokuwa akikaa Mabotsa, simba walikuwa wakiwaua ng'ombe na kondoo wa watu. Livingstone akatoka pamoja na watu wa kijiji kuwawinda. Alimpiga simba mmoja risasi, lakini kabla hajaishindilia tena bunduki yake yule simba alimrukia, akamkamata kwa meno karibu na bega la kushoto, akamtikisa kama mbwa atikisavyo panya. Aliyemwokoa ni mwalimu Mwafrika, jina lake Mebalwe. Yeye alielekeza bunduki yake, nayo haikulia. Hata hivyo simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe, akamwuma paja, akamjeruhi na mtu wa tatu, kisha akaanguka akafa kwa zile risasi za kwanza. Mfupa wa mkono wa Livingstone, ule ulio kati ya bega na kiwiko, ulivunjika vibaya. Haukuunga sawasawa, bali ulibaki na kiungo kisicho cha kawaida, na tangu siku ile hakuweza kuuinua mkono ule vizuri. Tunamwomba msomaji aukumbuke mfupa huu, maana utakuja kunena baada ya miaka 30.

Baadaye Livingstone alizidi kwenda mbele kuliko kukaa mahali pamoja. Alivuka bara kutoka Luanda, upande wa magharibi, akatokea Quelimane, upande wa mashariki, mwaka 1856. Alirudi tena mwaka 1858, akazunguka katika mto Zambezi na mto Shire, na mwaka 1859 akaliona ziwa Nyasa. Huko aliona kwa macho yake biashara ya watumwa: vijiji vilivyochomwa moto, na misururu ya watu waliofungwa shingo kwa magogo. Mwaka 1861 yeye na wenzake waliwafungua watumwa waliokutana nao njiani. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kiyao, jina lake Chuma. Miaka miwili baadaye mtu mwingine, Susi wa Shupanga, aliajiriwa katika chombo chao. Hawa wawili walikuwa pamoja naye mpaka mwisho.

Mwaka 1866 Livingstone alifika pwani yetu, akashuka karibu na mto Ruvuma ili atafute chanzo cha mto Nile. Alikuwa na askari wa Kihindi, vijana waliosomeshwa katika shule ya Nassick huko Bara Hindi, Chuma na Susi, na watu 10 wa kisiwa cha Nzwani katika visiwa vya Komoro. Mkubwa wa hao watu wa Nzwani aliitwa Musa. Safari ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Askari walirudishwa pwani, wanyama wa mizigo walikufa, na chakula kilikuwa haba. Walipofika kusini ya ziwa Nyasa, mwezi wa Septemba, Musa na wenziwe walisikia ya kuwa Mazitu, ndio Wangoni, wako mbele wakipora na kuua. Livingstone aliwaeleza kwamba hatawapitisha njia ya Mazitu. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuwaingia. Wakatua mizigo yake chini, wakaondoka wote.

Mwezi wa Desemba 1866 Musa na watu wake walifika Unguja, wakaenda kwa balozi wa Kiingereza, wakatoa habari. Walisema kwamba Livingstone amekufa. Walisema kwamba walipokwisha kulipita ziwa Mazitu waliwashambulia ghafula, ya kuwa bwana wao alipigwa shoka moja kwa nyuma akaanguka, ya kuwa wao walijificha msituni, na adui walipokwisha kwenda walirudi, wakauona mwili, wakauchimbia kaburi. Walipoulizwa habari za barua na daftari zake, walisema kwamba vyote vilichukuliwa.

Tuitazame habari hii kwa makini. Mtu aliyemkimbia bwana wake hana haki ya kudai mshahara, tena huaibika. Lakini mtu aliyefiwa na bwana wake huhurumiwa. Basi kule kukimbia kulihitaji kifo, na kifo kilihitaji maiti, na maiti ilihitaji kaburi, maana bila kaburi watu wangeuliza kwa nini mwili umeachwa. Hivyo uongo mmoja ulizaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu. Tena ulisimuliwa kwa mpango mzuri, hata Daktari John Kirk, aliyekuwa Unguja na aliyemjua Livingstone sana, aliusadiki kwanza. Wengi hudhani ya kuwa habari yenye mambo mengi madogo madogo ni ya kweli. Sivyo. Shoka, mti, kaburi na saa ya jioni, vyote mtu aweza kuvitunga akiwa amekaa.

Habari ikafika Uingereza mwaka 1867, na magazeti yakaanza kumlilia Livingstone. Walakini wako wachache waliokataa kuamini kabla ya kuchunguza. Mmoja alikuwa Edward Young, mwanamaji aliyepata kufanya kazi na Livingstone katika mto Zambezi, naye alimjua Musa. Young hakukaa kubishana. Alipewa chombo cha chuma kilichoweza kufunguliwa vipande vipande, akapanda mto Zambezi na mto Shire, akakichukua chombo chake mabegani mwa watu kupita maporomoko, akaingia ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1867, mwaka mmoja baada ya Musa kukimbia.

Huko akawauliza wenyeji. Walimweleza habari za Mzungu aliyepita pamoja na mbwa wake, wakamwelezea mavazi yake, wakamwonyesha vitu vidogo alivyowaachia. Chifu Marenga alimweleza kwamba Livingstone alipita kwake salama, na ya kuwa Musa na wenziwe walirudi baada ya muda mfupi peke yao, wala hawakutaja kuuawa kwa mtu. Tena watu wa kule walikuwa wamesikia ya kuwa yule Mzungu ameendelea mbele, mbali ya mahali pale ambapo Musa alisema kwamba amemzika. Young hakumwona Livingstone, wala hapakuwa na haja ya kumwona. Alirudi Uingereza mwanzo wa mwaka 1868, na mwaka ule ule zikafika barua za Livingstone mwenyewe. Aliyezikwa alikuwa hai.

Tufikiri kidogo: kama watu wote wangaliisadiki habari ya Musa, ni nani angalimpelekea dawa au nguo mtu aliyekwisha kufa? Uongo wa namna hii haumdhuru maiti. Humdhuru aliye hai.

Livingstone aliendelea na safari zake. Aliyaona maziwa ya Mweru na Bangweulu, akafika Ujiji mwaka 1869, na mwaka 1871 aliona huko Nyangwe, katika nchi ya Kongo, watu wakiuawa sokoni kwa bunduki za wafanya biashara ya watumwa. Jambo hilo lilimvunja moyo kabisa. Mwaka huo huo Henry Stanley, aliyepita Mpwapwa na Ugogo kwa kumtafuta, alimkuta Ujiji, mgonjwa na bila mali. Wakaenda pamoja mpaka Unyanyembe. Stanley akarudi pwani, akamletea wapagazi waaminifu, na kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyesoma Nassick. Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone akaondoka Unyanyembe kwa mara ya mwisho.

Alikufa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo sasa ni sehemu ya Zambia. Watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa walikuwa katika shida kubwa. Wangeweza kumzika palepale wakaenda zao. Walakini Susi na Chuma na wenzao waliazimu kuupeleka mwili wake pwani. Walijua kwamba kumbeba maiti katika nchi za watu ni hatari, maana wengi waliamini ya kuwa huleta msiba popote apitapo. Kwa hiyo kwanza walimficha chifu Chitambo habari ya kifo, wakamwomba ruhusa tu ya kujenga nje ya kijiji. Lakini Chitambo alikuwa amekwisha kujua. Akawauliza kwa nini hawakumwambia kweli, akawaarifu ya kuwa yeye mwenyewe amepata kusafiri hata pwani, na kwamba wasafiri hufa, na wao wasiogope. Ndipo akaja na watu wake wakamwomboleza marehemu kwa desturi yao.

Farijala, aliyepata kumtumikia daktari Unguja, akaupasua mwili akatoa moyo na matumbo, navyo wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma maneno ya maziko, akachonga jina la marehemu katika gome la mti ule. Wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo, wakauweka ndani ya gamba la mti na kulishonea turubai juu yake. Kisha wakaondoka. Njiani wengi waliugua, na baadhi yao wakafa. Mwezi wa Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyekuja kwa njia hii yetu ya Mpwapwa na Ugogo ili kumsaidia Livingstone, naye akasikia kwao ya kuwa msaada umechelewa. Cameron aliwashauri wamzike palepale Unyanyembe, maana mbele kuna hatari. Wakakataa.

Wakafika Kasekera, nayo haiko mbali na Unyanyembe. Hapo hatari ikawa ya kweli. Watu wa nchi walikuwa wamesikia ya kuwa msafara umebeba maiti, wakakataa isipite. Wale watumishi wakafanya shauri. Walitangaza kwamba wamekubali, na kwamba watairudisha maiti Unyanyembe ikazikwe huko. Usiku wakautoa mwili katika gamba lake, wakaufunga upya ukafanana na mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga pamoja kwa urefu wa mtu, wakayavika nguo kama avikwavyo maiti. Watu 6 wakapewa mzigo huo wa mabua, na barua ikatiwa katika kijiti kilichopasuliwa kama ilivyokuwa desturi, wakashika njia ya kurudi Unyanyembe kwa huzuni, wenyeji wakiwatazama. Walipokwisha kuwa mbali, waliyatupa mabua msituni moja moja, wakatupa na nguo, wakatawanyika kila mmoja kwa njia yake, na usiku wakawarudia wenzao. Wenyeji walitulia, wasijue ya kuwa Livingstone yumo katika mtumba.

Basi msomaji aweza kutuuliza: Musa alisema uongo juu ya maiti isiyokuwapo, na Susi na Chuma walifanya hila juu ya maiti iliyokuwapo, mbona mmoja twamlaumu na hawa twawasifu? Swali hili ni la haki, nasi hatupendi kulikwepa. Watu wa Kasekera walikuwa na hofu yao, na katika nchi yao walikuwa na haki ya kukataa. Walidanganywa, nasi hatutasema kwamba hawakudanganywa. Tena Chitambo alikwisha kuwaonyesha wale watumishi ya kuwa kweli ikisemwa yaweza kufungua njia. Hatumfundishi mtu yeyote kwamba hila ni njema ikiwa nia yake ni njema.

Walakini kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Musa alisema uongo ili aficha alilolitenda, akakaa nao mpaka ulipofichuliwa na wengine. Hila ya Kasekera hakuifichua mtu. Twaijua kwa sababu Susi na Chuma waliisimulia wenyewe. Walipoalikwa Uingereza mwaka 1874, walikaa na Bwana Horace Waller aliyekuwa akitengeneza daftari za Livingstone ziwe kitabu, wakamweleza safari yote tangu Chitambo, pamoja na mabua ya mtama na watu 6 na barua ndani ya kijiti. Hawakujipamba kwa kusema kwamba njia yote ilikuwa nyeupe. Uongo wa Musa ulimpatia udhuru. Hila ya hawa haikuwapatia kitu ila kazi zaidi, maana baada ya Kasekera walibaki na safari ya kulivuka bara lote la kati mpaka Bagamoyo.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Walikuwa wametembea miezi 9 na maili zaidi ya 1,000. Mwili ulipelekwa Unguja, na wale wapagazi walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake alisafiri pamoja na jeneza mpaka Uingereza.

Huko Uingereza watu walikuwa wamekwisha kusikia habari moja ya uongo juu ya kifo cha Livingstone, na baadhi yao waliona vigumu kuamini ya kuwa watumishi waliweza kuileta maiti kutoka mbali namna ile. Kwa hiyo kabla ya mazishi daktari mkubwa, Sir William Fergusson, aliuchunguza mwili. Uso haukutambulika tena. Akautafuta mfupa wa mkono wa kushoto, akaukuta umevunjika zamani karibu na bega, wala haukuunga, kama vile ulivyovunjwa na simba wa Mabotsa. Ikawa yakini. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Miongoni mwa waliolisindikiza jeneza lake kwa heshima walikuwamo Jacob Wainwright, Daktari Kirk aliyedanganywa na Musa hapo kwanza, na Edward Young, aliyekwenda ziwa Nyasa kuthibitisha ya kuwa hajafa.

Chuma alirudi pwani, akaongoza misafara ya watu wengine, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafa Unguja mwaka 1891. Jacob Wainwright alifia Urambo mwaka 1892, katika bara hili la kati. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuonyesha mfupa ili asadikiwe. Walikuwa na neno lao tu, na ilibidi mfupa wa bwana wao uwashuhudie. Lakini kazi ya kuuleta mfupa ule ilikuwa yao.

Sisi wa Mlali hatutamwonyesha mtu mti fulani na kudai ya kuwa mzigo ule ulitulizwa chini yake, tusije tukaongeza habari nyingine ya uongo juu ya zile za zamani. Yatosha kulikumbuka jambo hili kila tuletewapo habari ya mtu aliye mbali: kwamba amekufa, au ameiacha imani, au amekula fedha za usharika. Aliyeileta alikuwako? Ana faida gani ikisadikiwa? Ni nani aliyekwenda kuona? Mzee wa usharika asiyeuliza maswali haya aweza kumzika mtu aliye hai. Na mtu aliyekosea njiani, kisha akasimulia safari yake yote bila kuficha kosa, apewe nafasi ya kusikilizwa, kama Susi na Chuma walivyosikilizwa.